Taa Yawaka, Faili Halifunguki: Kisa cha Kadi ya Mtandao Shimanzi

Ofisi yenyewe ni ya mawakala wa forodha, Shimanzi, Mombasa, ghorofa ya kwanza juu ya ghala. Ina makarani kadhaa, kompyuta za mezani, printa zisizopumzika, na seva moja (kompyuta inayohudumia nyingine zote), inayoendeshwa kwa mfumo wa FreeBSD, iliyofungiwa kabatini kwenye chumba cha nyuma. Seva hiyo ndiyo stoo ya makaratasi yote. Bili za shehena, invoisi, orodha za vifurushi na vyeti vya ukaguzi huskaniwa na kuwekwa humo kupitia Samba, programu ya kushirikiana mafaili, na hesabu za wateja zimo humo humo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Karani hawezi kujaza tangazo la forodha kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kabla ya kufungua makaratasi ya mteja kutoka kwa seva. Seva ikigoma, tangazo halijazwi. Tangazo lisipojazwa, kontena hukaa bandarini, siku za bure zikaisha na gharama za kuhifadhi zikaanza kupanda. Kwa hiyo tatizo la kadi ya mtandao, kile kifaa kinachoiunganisha seva na waya, hapa halikuwa la fundi peke yake. Wateja walikuwa wakipiga simu.

Malalamiko niliyasikia kwa karani wa mapokezi kabla hata sijashusha begi: "Ami, mtambo wawaka, taa zote ziko sawa, lakini kazi haiendi. Faili dogo lafunguka, kubwa lazunguka tu mpaka lakata."

Sentensi hiyo ilikuwa na habari zaidi ya kila nilichoambiwa baadaye. Dogo lafunguka, kubwa lakata. Mtandao uliokatika haufungui chochote, na seva iliyozidiwa hupunguza mwendo wa vyote, vidogo kwa vikubwa. Hapa kuna kitu kilichokuwa kikiruhusu mazungumzo mafupi na kuvuruga marefu.

Historia ilikuwa hivi. Seva ya awali ilikufa stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo. Ubao mama ukaungua, diski zikapona. Fundi mmoja akazihamishia diski kwenye mashine nyingine, FreeBSD ikawaka kama kawaida, akarekebisha anwani ya mtandao, akalipwa, akaenda zake. Ubao wa zamani ulikuwa na kadi ya Realtek, ambayo FreeBSD huiita `re0`. Huu mpya una kadi ya Intel inayotumia diraiva (programu ya kuendesha kadi) ya `em`, kwa hiyo ikawa `em0`. Ugonjwa ulianza siku ile ile ya kuhama, na ofisi nzima ikatoa hukumu: kadi mpya ni mbovu. Ikanunuliwa nyingine dukani mjini, ya kuchomeka, Intel vile vile. Hali haikubadilika hata kidogo. Lawama zikahamia kwa diraiva, kisha kwa FreeBSD yenyewe, na nilipopokea simu yao tayari kulikuwa na shauri la kufuta kila kitu na kuweka Windows. Na palikuwa na yule asiyekosekana katika kila ofisi ya mji huu, mwenye kusema ni kebo ya baharini.

Huyu wa kebo ya baharini simcheki, maana ana sababu. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikaanza kazi 2010, na tangu hapo tumeshaonja maana ya kebo kukatika. Mwaka 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu hii hii, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu pamoja, intaneti ya nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikazorota. Lakini faili linalotoka chumba cha nyuma kwenda chumba cha mbele halipiti baharini. Nilichomoa kebo ya ruta mbele yao, faili likaendelea kukwama vile vile, na mjadala huo ukafungwa.

Kadi nayo niliiondoa kwenye orodha ya washukiwa kabla ya kugusa kibodi. Ukibadilisha kifaa na ugonjwa ukabaki na sura ile ile, ugonjwa uko kwenye kile ambacho hakikubadilishwa. Hapa vilikuwa vitatu: kebo, poti ya swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za ofisi), na mipangilio. Pesa za kadi ya pili zilikuwa zimekwisha kutumika kununua jibu hilo, ila hakuna aliyelisoma.

Kwa nini ping ilidanganya

Kila aliyenitangulia alikuwa amepiga ping, yaani kutuma pakiti (kipande kidogo cha data) ya kuuliza na kusubiri jibu, akaona majibu yote yamerudi chini ya milisekunde moja, akaandika kwamba mtandao uko sawa. Mimi pia niliipiga, na majibu yakarudi vizuri. Kisha nikavuta faili la skani la megabaiti 40 kutoka kwa seva kwa `scp`, amri ya kunakili mafaili. Likaanza kwa kasi, likasimama, likasogea kidogo, likasimama tena. Kwenye mtandao wa megabiti 100 faili la ukubwa huo huchukua sekunde nne hivi, kwa kuwa megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Hili lilikuwa likihesabu dakika. Katika dirisha jingine nilikuwa na `netstat -s -p tcp`, na kila nilipoirudia, idadi ya pakiti zilizotumwa upya ilikuwa imepanda. Pakiti zilikuwa zikipotea njiani, ndani ya jengo moja.

Dogo lapita, kubwa lakwama: mwenye uzoefu akisikia hivyo hufikiria MTU kwanza, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao njia inaukubali. Ni shaka ya haki na kuipima ni kazi ya nukta chache:

`ping -D -s 1472 192.168.10.20`

Baiti 1472 za data, jumlisha 8 za kichwa cha ICMP na 20 za kichwa cha IP (maelezo yanayotangulia data), ni 1500 kamili, na `-D` inakataza pakiti kukatwa vipande njiani. Majibu yakarudi yote. MTU ikatoka.

Sababu ya ping kupita ni kwamba ping ni mazungumzo ya zamu. Swali linaenda, njia inanyamaza, jibu linarudi, sekunde inapita. Pande mbili karibu hazisemi kwa wakati mmoja. Kuvuta faili kubwa ni jambo jingine: seva inamwaga data huku kompyuta ya karani ikirudisha thibitisho mfululizo, zote kwenye waya ule ule, kwa wakati ule ule. Kama kuna ugonjwa unaotokea pale tu pande mbili zinaposema pamoja, ping ya kawaida haitauona hata ukiiacha usiku kucha.

Upande wa seva

Amri iliyofungua kisa ni ya kwanza kabisa kufundishwa, `ifconfig em0`. Wengi huisoma wakiwa na haraka ya kuona `status: active`, wakiiona wanafunga. Mstari wa juu yake, ule wa `media`, ulisema kadi imewekwa kwenye `autoselect`, yaani ijichagulie yenyewe, na matokeo ya kuchagua kwake ni `100baseTX`, `half-duplex`.

Nusu dupleksi. Kwa swichi ya kisasa na kadi ya gigabiti, neno hilo halina kazi hapo. Maana yake ni kwamba kadi inaamini waya ni wa mmoja mmoja: kabla ya kutuma inasikiliza, na ikisikia upande wa pili ukituma wakati yenyewe inatuma, inahesabu kwamba fremu (vifurushi vya data kwenye waya) zimegongana, inakatiza, inasubiri, inarudia.

Nikaangalia `netstat -i`. Safu ya `Coll`, ya migongano, kwenye mtandao wa dupleksi kamili, ambapo pande zote mbili hutuma kwa pamoja, husoma sifuri mwaka mzima. Hapa ilikuwa na namba, na namba ilikuwa ikikua huku naitazama. Diraiva ya `em` hutunza hesabu kwa undani zaidi, kwa hiyo nikauliza:

`sysctl dev.em.0.mac_stats`

Katika orodha ndefu iliyotoka, niliyemtafuta alikuwa `late_coll`, migongano iliyochelewa. Kwenye Ethaneti ya nusu dupleksi iliyo mzima, mgongano ukitokea hutokea mapema, ndani ya baiti 64 za kwanza za fremu, kwa sababu urefu wa mtandao umewekewa mpaka ili kila kituo kiwe kimemsikia mwenzake kufikia hapo. Mgongano baada ya baiti 64 una maana moja kati ya mbili: kebo ni ndefu kupita kanuni, au upande wa pili haufuati utaratibu wa kusikiliza kwanza. Kati ya kabati na swichi ni vyumba viwili na ukumbi. Urefu haukuwa tatizo.

Basi nikaenda kwa swichi.

Swichi ni ya kusimamiwa, na nywila yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Hilo nililizungumza na mwenye ofisi pembeni. Poti ya seva haikuwa kwenye otomatiki. Ilikuwa imefungwa kwa mkono: megabiti 100, dupleksi kamili. Na hesabu zake zilikuwa kinyume kabisa cha zile za seva: migongano sifuri, lakini makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, kwa maelfu, pamoja na fremu fupi kupita kiasi zilizokatizwa katikati.

Ukiziweka hesabu hizo mbili kando kwa kando, picha inakamilika. Fikiria kichochoro cha Mji wa Kale ambapo mkokoteni mmoja tu hupita. Seva ni yule anayechungulia kwanza, akiona mwenzake anakuja anarudi nyuma. Swichi ni yule anayeamini ana barabara yake peke yake, anasukuma tu bila kuangalia. Wakiwa wanapita kwa nadra hawakutani. Shughuli ikishamiri, mmoja anarudi nyuma kila mara na mzigo wake unamwagika njiani. Ile mizigo iliyomwagika ndiyo swichi ilikuwa ikiihesabu kama makosa ya CRC na fremu fupi, na ule wa kurudi nyuma ndio seva ilikuwa ikiuhesabu kama migongano iliyochelewa. Aliyetazama upande mmoja peke yake angeona nusu ya habari, na kila nusu ilikuwa ikielekeza lawama mahali pasipo: hesabu za seva zinanong'ona "mtandao umejaa", hesabu za swichi zinanong'ona "kadi ya seva mbovu".

Kwa nini seva iliangukia nusu? Watu hudhani kwamba otomatiki ina maana kadi itagundua upande wa pili uko vipi na kuufuata. Haigundui. Pande mbili hutumiana matangazo, kila mmoja akisema anaweza nini, na wanakubaliana juu ya kilicho bora kwa wote. Poti ikishafungwa kwa mkono, swichi kama ile huacha kutangaza. Kadi ya seva inaendelea kuita bila kujibiwa, inachoweza kufanya ni kutambua mwendo kutokana na mawimbi yenyewe kwenye waya, kwamba hii ni ya megabiti 100. Dupleksi haitambuliki kwa njia hiyo, na kanuni ya IEEE, shirika la viwango, tangu toleo la 802.3u la 1995, inaagiza kwamba ikiwa hujui, chukua nusu. Kadi ilifanya kile hasa ilichoagizwa. Diraiva pia. FreeBSD haikuwa na kosa lolote, na Windows kwenye mashine ile ingeangukia hapo hapo.

Mstari uliopotea

Nikafungua `/etc/rc.conf`, faili la mipangilio ya seva. Fundi wa kuhama alikuwa na adabu ya kutofuta mstari wa zamani. Aliuwekea alama ya reli (#) mbele, ili usisomwe, na kuandika mpya chini yake. Wa zamani ulikuwa hivi:

`#ifconfig_re0="inet 192.168.10.5 netmask 255.255.255.0 media 100baseTX mediaopt full-duplex"`

Mpya ulikuwa na `em0`, anwani, barakoa ya mtandao, na basi. Maneno ya `media` na `mediaopt` hayakuvuka. Zamani pande zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa mkono kwenye 100 kamili, zikaelewana. Seva ilipohama, kufuli la upande mmoja likafunguka, la upande wa pili likabaki. Ofisini fundi yule alikuwa akisemwa vibaya sana, nami naona wanamwonea. Kufuli la poti ya swichi halikuandikwa popote, na mtu anayehamisha seva usiku ili watu wafanye kazi asubuhi hana sababu ya kudhani lipo.

Ilikuwa bado saa za kazi, kwa hiyo nikatoa nafuu ya haraka. Nikiwa nimekaa mbele ya skrini ya seva yenyewe, si kwa SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao), maana kubadilisha mwendo wa kadi ukiwa umepitia kadi hiyo hiyo ni kukata tawi ulilokalia, nikaandika:

`ifconfig em0 media 100baseTX mediaopt full-duplex`

Faili la megabaiti 40 likashuka ndani ya sekunde chache. Karani wa mapokezi akafungua skani la kontena lililokuwa likisubiriwa tangu asubuhi, akanitazama, akasema, "Kumbe ni hivyo tu?"

Haikuwa hivyo tu. Kadi ni ya gigabiti, swichi ni ya gigabiti. Mtu alikaa chini siku moja akaamua kuzifunga zote mbili kwenye 100, na hakuna anayefanya hivyo kwa kupenda. Kufuli la namna hiyo karibu kila mara limefunika jambo. Kurudisha maneno mawili kwenye `rc.conf` na kuaga kungekuwa kulifunika jambo hilo tena, na wa kuhama atakayefuata angeingia shimo lile lile.

Ofisi ilipofungwa nikaziachia pande zote: `autoselect` kwa seva, otomatiki kwa swichi. Na jambo likajitokeza mara moja. Daftari la matukio la seva, `/var/log/messages`, likaanza kujaa: `em0: link state changed to DOWN`, `UP`, `DOWN`, `UP`. Taa ya poti ikawa inawaka na kuzima. Hicho ndicho mwenye kufunga alichokuwa amekikimbia.

Gigabiti kwenye shaba, 1000BASE-T, hutumia jozi zote nne za waya kwa pamoja. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za pini 1 na 2, na 3 na 6. Matangazo ya otomatiki nayo hupita kwenye jozi hizo. Kwa hiyo jozi ya tatu au ya nne ikiwa mbovu, pande mbili hukubaliana vizuri kabisa kwenda gigabiti, zikijaribu zinashindwa, zinaanza upya, zinakubaliana tena. Kadi nyingine zina akili ya kujishusha zenyewe baada ya kushindwa mara kadhaa. Mchanganyiko huu wa kadi na swichi haukutulia. Ukifunga kwenye 100, jozi mbovu hazitumiki na kelele zinakwisha. Kama dawa ya usiku mmoja inakubalika, lakini iliachwa miaka bila hata karatasi ya kusema ipo.

Kipimo cha kebo kikasema jozi ya kahawia, pini 7 na 8, imekatika. Nikaifuata kebo kwa mkono ndani ya mfereji wa plastiki: inatoka kabatini, inapanda ukutani, inapita chini kabisa ya kiyoyozi, kisha inaingia chumba cha mbele. Chini ya kiyoyozi ukuta ulikuwa na doa refu la maji, na plagi ya upande wa swichi ilikuwa sentimita chache kutoka kwenye doa hilo. Nikaikata na kuiweka kwenye mwanga. Vijino vya dhahabu vilikuwa na rangi ya kijani pembeni, na waya mmoja wa kahawia uligeuka unga mweupe mahali kijino kilipoungia.

Unga mweupe kwenye shaba si kawaida. Shaba hutoa kijani. Nikakwaruza waya mwingine mzima kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka kama rangi ya mafuta, ndani ukang'aa mweupe. Ilikuwa ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ile ya maboksi ya bei rahisi ambayo juu yameandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Viwango vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu. Aluminiamu hukatika ukiikunja mara chache, na hewa ya hapa ya chumvi na unyevu, ukiongeza matone ya kiyoyozi, huimaliza pale inapogusana na metali nyingine. Bara kebo kama hiyo huenda ikaishi kwa muda. Shimanzi, hatua chache kutoka majini, sishauri hata kwa printa.

Tukavuta kebo mpya ya shaba kwa ukuta wa pili, mbali na kiyoyozi. `ifconfig em0` ikasoma `1000baseT`, `full-duplex`. `rc.conf` sasa ina anwani na barakoa tu, bila neno la `media`. Kwenye gigabiti ya shaba otomatiki si hiari, pande mbili huitumia pia kupatana nani atashika saa ya mawimbi. Kwenye swichi nilihakikisha mpangilio umehifadhiwa na si wa kwenye kumbukumbu ya muda, la sivyo stima ikipotea mara moja lile kufuli la zamani lingerudi lenyewe. Kisha nikavuta na kusukuma mafaili makubwa kwa pamoja, pande zote mbili, na kutazama hesabu za seva na za swichi. Migongano sifuri, CRC sifuri.

Kebo nyingine za ofisi zilitoka kwenye boksi lile lile. Kipimo kimeonyesha ya mhasibu na ya printa kubwa zina jozi zinazolegea, na mwenye ofisi ameziingiza kwenye bajeti ya mwezi ujao pamoja na bomba la kiyoyozi. Kadi ya pili ya Intel ilirudishwa dukani. Ilikuwa nzima, na mwenye duka, baada ya kubishana kidogo, akakubali wachukue kebo ya shaba badala yake.